Ukoka Ulioungua Pwani ya Mashariki: Uchambuzi wa Kisa cha Yurea na Dawa ya Magugu

Mwishoni mwa Juni, upepo wa kusi ukiwa umeshashika, niliitwa kuitazama bustani ya majani ya nyumba moja ya wageni iliyopo pwani ya mashariki ya Unguja, katika ukanda wa Bwejuu, Paje na Jambiani. Mwenye nyumba alikuwa amenieleza kwa simu kwamba ameuziwa mbolea mbovu. Nilifika siku ya tisa tangu bustani ilipotiwa mbolea na kupigwa dawa ya magugu. Ukoka ulikuwa umekufa kwa michirizi ya kahawia, na katikati ya michirizi hiyo ndago zilisimama ndefu na za kijani kibichi kuliko kitu chochote kingine kiwanjani. Nyuma ya ua wa makuti, upande wa kaskazini-magharibi, bustani ya jirani, mama wa makamo anayeuza tungule na mapapai, ilikuwa na majani yaliyojisokota kama yaliyopitishwa motoni. Mama huyo alikuwa ameshakwenda kwa sheha.

Mbolea ilikuwa nzima, na dawa pia ilikuwa nzima. Nilizikuta chupa na polo vikiwa na lebo zake, tarehe zake hazijapita, na vyote viwili vingefanya kazi yake iwapo vingetumiwa kwa kipimo na wakati wake. Nimeruhusiwa na pande zote kukiandika kisa hiki bila ya majina, na ninakiandika kwa urefu kwa sababu hatua alizozifuata kijana mtunza bustani ndizo ninazoziona zikifuatwa katika nyumba nyingi za pwani hiyo, na matokeo yake hayaishii ndani ya ua wa mwenye bustani.

Kwanza mahali penyewe. Upande wa mashariki wa Unguja ardhi ni ya matumbawe ya kale, ile ambayo wakulima wetu huigawa katika uwanda na maweni, na ambayo udongo wake ni mchache, umejaa chokaa, na umekalia mwamba wenye matundu. Miaka miwili kabla ya kisa hiki mwenye nyumba alileta kwa lori udongo mwekundu wa kinongo kutoka upande wa magharibi wa kisiwa, akautandaza juu ya mwamba, akapanda ukoka. Nilipochimba kwa chepe katika sehemu tano tofauti, niligonga jiwe kila mara kabla sijafika shubiri moja. Maji ya kumwagilia yanatoka katika kisima kilichopo karibu na ufukwe, na ukiyaonja unaisikia chumvi.

Ukoka ulikuwa umeanza kuwa wa manjano tangu masika yalipomalizika. Mwenye nyumba, aliyekuwa anatarajia wageni wengi wa Julai na Agosti, alimwambia kijana wake atie mbolea, na kwa kuwa magugu yalikuwa yameingia, apige dawa siku hiyo hiyo ili kazi iishe kwa mara moja. Kijana alinunua yurea polo la kilo 50 na chupa ya 2,4-D, dawa ya kuua magugu, yenye gramu 720 za kiini chake kwa lita. Siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi, alijaza bomba la mgongoni la lita 16, akapima mililita 160 za dawa kama lebo ilivyosema, akapiga kiwanja chote, akajaza bomba la pili kwa kipimo kile kile, akamaliza. Saa sita mchana alirusha nusu polo la yurea kwa mkono, kisha akamwagilia kwa mpira kwa muda wa dakika kumi hivi, mpaka akaona chembe nyeupe zimeyeyuka.

Nilipomuuliza kuhusu kipimo alinijibu: "Bwana shamba, chupa imesema mililita 160 kwa bomba, nami nimetia hizo hizo." Alisema kweli, na hapo ndipo penye fundisho kubwa zaidi la kisa kizima, kwa hivyo nitakaa hapo.

Lebo ile ilitoa kiwango cha lita mbili za dawa kwa hekta moja, ndani ya lita 200 za maji. Hesabu ya mililita 160 kwa bomba la lita 16 inatokana na hapo, na inasimama juu ya sharti moja ambalo lebo nyingi hazilielezi kwa maneno: kwamba bomba moja litatosha mita za mraba 800. Tulikipima kiwanja kwa kamba, tukapata mita 25 kwa 16, yaani mita za mraba 400. Maana yake ni kwamba eneo lote lilihitaji nusu ya bomba, lenye mililita 80 tu za dawa. Kijana alitumia mabomba mawili, yaani mililita 320, mara nne ya kiwango. Hakuzidisha katika kuchanganya. Alizidisha katika kutembea. Alikwenda polepole, akarudia pale alipoona majani hayajalowa, kwa sababu aliamini, kama wengi wanavyoamini, kwamba jani likidondosha maji ndipo dawa imeingia. Dawa inayoanguka kutoka kwenye jani haiui gugu lolote, inakwenda udongoni.

Njia ya kuijua hali hii ni maji matupu. Kabla ya kufungua chupa yoyote, mtu hujaza bomba maji safi mpaka alama anayoijua, akapiga eneo la mita 10 kwa 10 kwa mwendo wake wa kawaida na kwa kusukuma mkono wake wa kawaida, kisha akapima ni lita ngapi zimepungua. Nilimtaka kijana afanye hivyo mbele yangu, na bomba lilipungua lita nane. Kwa mwendo huo, lita 16 zinamtosha mita za mraba 200, siyo 800, na kipimo chake katika kila bomba kinapaswa kuwa mililita 40. Au abadilishe nozeli, yaani ncha ya kunyunyizia, na mwendo mpaka maji yapungue. Kila mtu ana mwendo wake, na kila bomba lina tabia yake. Ndiyo maana kipimo cha mwenzako, hata akiwa mkweli kiasi gani, hakikufai mpaka ujipime mwenyewe.

Hesabu ya yurea ni nyepesi zaidi, na ndiyo iliyoua ukoka. Yurea ina asilimia 46 ya naitrojeni. Mbolea inayoyeyuka haraka kama hiyo haipaswi kuzidi kiasi cha gramu tano za naitrojeni kwa mita moja ya mraba kwa mara moja, na gramu tano za naitrojeni zinapatikana katika gramu 11 za yurea. Kwa mita za mraba 400, hizo ni kilo nne na gramu 300 au 400. Kijana alirusha kilo 25. Kila mita ya mraba ilipokea zaidi ya gramu 60 za yurea, karibu mara sita ya kiwango cha juu kabisa, tena kwa wastani tu, kwa kuwa urushaji wa mkono haulingani: pale alipofungua kiganja palipata zaidi, na pale alipokuwa anageuka palipata kidogo. Michirizi ile ya kahawia ilikuwa ramani ya hatua zake. Mbolea ikiwa nyingi kiasi hicho udongoni, maji hutoka katika mizizi badala ya kuingia, na mmea hukauka ilhali ardhi ni mbichi. Kwenye kiwanja hiki chumvi ya yurea ilikuja juu ya chumvi ya kisima, na juu ya hiyo ikaja dawa iliyozidi. Ukoka huivumilia 2,4-D kwa kiwango chake, lakini ukoka uliodhoofika kwa mambo matatu kwa pamoja haukuwa na la kufanya.

Kufanya kazi mbili kwa siku moja nako kulikuwa kosa, kwa sababu kazi hizo zinataka mambo yanayopingana. Dawa ya magugu ya aina hii inaingia kwa jani, na jani linatakiwa libaki kavu kwa saa kadhaa baada ya kupigwa. Mbolea ya chembe inataka jani kavu wakati wa kurushwa, ili isigande na kuliunguza, kisha maji ya kutosha papo hapo ili iteremke mizizini. Saa mbili baada ya kupiga dawa, kijana aliimwagilia bustani nzima, akaiosha dawa kutoka kwenye majani ya magugu kabla haijamaliza kazi. Na dakika kumi za mpira mmoja kwa mita za mraba 400 ni unyevu wa juujuu tu. Yurea iliyoyeyuka ikabaki karibu na uso wa udongo, mchana wa jua na upepo, juu ya ardhi ya chokaa, na katika hali kama hiyo sehemu yake kubwa hugeuka kuwa amonia na kupotea hewani. Mwenye nyumba alikumbuka kwamba jioni ile kiwanja kilikuwa na harufu kali iliyochoma pua. Ile harufu ilikuwa fedha yake.

Sasa ndago. Gugu kubwa katika kiwanja kile, kwa kukadiria kwangu sehemu tatu kwa nne ya magugu yote, lilikuwa ndago, na 2,4-D ya aina ile inakusudiwa magugu ya jani pana. Ndago inafanana na nyasi kwa mbali, lakini ukikivingirisha kikonyo chake baina ya vidole utazihisi kingo tatu, jambo ambalo nyasi hazina. Chini ya ardhi ina vijiazi vilivyoungana kwa nyuzi, na ukiing'oa kwa kuivuta juu unaondoka na majani na kuviacha vijiazi vikichipua upya. Basi dawa haikuigusa, ukoka ulioizunguka ukafa ukaiachia nafasi na jua, na naitrojeni yote iliyosalia ikawa chakula chake. Mtu aliyelipa kwa ajili ya kuua magugu alikuwa ameyapalilia. Magugu ya jani pana yenyewe, nilipoyahesabu katika sehemu ambazo hazikuungua, hayakuzidi vichaka arubaini. Kijana mmoja mwenye kisu angeyatoa yote kwa asubuhi mbili. Ninasema bila ya kusita kwamba katika kiwanja cha ukubwa huo, juu ya mwamba wa matumbawe na baina ya visima, 2,4-D haikuwa na haja ya kununuliwa.

Je, manjano yaliyoanzisha mambo yote haya yalitokana na njaa ya naitrojeni? Shahidi alikuwepo kwenye pembe moja chini ya mti wa mkungu, ambako kijana hakufika na mbolea wala bomba. Ukoka wa pale ulikuwa hai na wa manjano, lakini manjano yake yalikuwa kwenye majani machanga ya juu, na mishipa ya jani imebaki kijani huku nyama ya baina yake ikiwa imepauka. Mmea wenye njaa ya naitrojeni huanza kupauka kwenye majani yake makongwe ya chini, na hupauka jani zima. Hali niliyoiona ni ya kukosa madini ya chuma. Nilichukua udongo wa juu na udongo wa kina cha vidole vinne, nikamimina siki juu ya kila mmoja. Wa juu ulitulia. Wa chini ulitoa povu na mchemko, dalili ya chokaa iliyopanda kutoka kwenye mwamba na kuchanganyika na kinongo. Katika udongo wa namna hiyo chuma huwepo lakini mizizi haiwezi kuichukua, na mbolea ya naitrojeni haiitoi. Nikayeyusha gramu tano za salfeti ya chuma katika lita moja ya maji, nikapuliza mita moja ya mraba chini ya mkungu alfajiri, nikamwomba kijana aitazame. Siku ya nne alinipigia simu kwamba kile kipande kimekuwa kijani na kinaonekana kutoka barazani. Anayejaribu ajihadhari asiimwage kwenye sakafu wala kwenye mawe ya njia, kwa kuwa inaacha doa la kutu lisilotoka.

Mwenye nyumba alitaka tuagize maboza mawili ya maji, tuifurikishe bustani ili yurea iliyobaki ioshwe. Hiyo ndiyo njia ambayo vitabu vya bustani huishauri, na kwa ardhi nyingine ningeikubali. Hapa niliikataa. Kilo 25 za yurea zina kilo 11 na nusu za naitrojeni, na kama yote ingegeuka nitrati, umbo la naitrojeni linalokwenda na maji, na kuteremka, ingetosha kufikisha lita milioni moja za maji kwenye mpaka wa miligramu 50 za nitrati kwa lita ambao Shirika la Afya Duniani limeuweka kwa maji ya kunywa. Sehemu ilikuwa imeshapotea hewani, lakini sehemu iliyobaki ikisukumwa na boza zima kupitia shubiri moja ya udongo haina wa kuizuia; matumbawe yana matundu na mianya, na maji yanayopita humo hayachujwi kama yanavyochujwa katika kichanga kirefu. Kisima cha jirani kiko hatua chache. Baada ya visima ni ufukwe wenyewe, ule ambao kilimo cha mwani kilianzia mwaka 1989 hapo Paje na Jambiani, na ambako mpaka leo kina mama wanategemea maji safi ya pwani. Tulikubaliana tutumie maji ya boza, yasiyo na chumvi, kidogo kidogo, lita 2,000 kila baada ya siku moja, kiasi cha kuupa nafuu ukoka uliobaki hai bila ya kupita chini ya mizizi yake.

Kuhusu kisima, nilimwomba jirani apeleke maji kupimwa, na kwamba mpaka majibu yatoke, mjukuu wake mchanga wa miezi mitatu asichanganyiwe maziwa kwa maji hayo. Nitrati nyingi huwadhuru zaidi watoto walio chini ya miezi sita, kwa kuizuia damu yao kubeba hewa safi, na kuyachemsha maji hakuiondoi. Maji yakipungua kwa mvuke, nitrati inazidi kukolea. Aliniuliza pia: "Mwanangu, hizi tungule nizile au nizitupe?" Nilimwambia azitupe zote zilizokuwa mtini siku ile, kwa sababu dawa ile haikukusudiwa tungule na hakuna muda wa kusubiri uliowekwa kwa ajili yake. Aliniitikia, akazichuma mbele yangu, ndoo mbili na nusu. Mwenye nyumba alizilipa kwa bei ya sokoni mbele ya sheha, pamoja na miche mipya, na nilifurahi kwamba hakubishana.

Dawa ilimfikiaje jirani? Kusi inavuma kutoka kusini-mashariki, na katika mwezi wa Juni ikifika saa nne asubuhi imeshapata nguvu. Kijana alikuwa ameishika nozeli juu ya kiuno na kulisukuma bomba kwa nguvu zote, na msukumo mkubwa hutoa ukungu mwembamba badala ya matone. Ua wa makuti hauzuii ukungu. Tungule na mipapai ni katika mimea inayoumizwa na 2,4-D kwa kiasi kidogo mno, na dalili yake ni hiyo ya majani machanga kujikunja, kusinyaa na kuwa membamba kama ugwe. Kupiga dawa pwani hiyo wakati wa kusi, ikibidi, ni kazi ya mapema, jua linapochomoza na upepo bado mdogo, nozeli ikiwa karibu na majani, baada ya kuning'iniza uzi mwepesi na kuutazama unakwenda wapi. Uzi ukielekea kwa jirani, kazi inaahirishwa.

Kijana mwenyewe alikuwa amefanya kazi akiwa na kandambili na fulana, akachanganya dawa bila ya glavu. Alipata muwasho wa mikono kwa siku mbili na hakumwambia mtu. Chupa tupu alikuwa ameiweka jikoni, akikusudia kutilia mafuta ya taa. Tuliisuza mara tatu, tukaitoboa. Bomba lile sasa limeandikwa kwa rangi nyekundu kwamba ni la dawa ya magugu tu, kwa kuwa mabaki ya 2,4-D hung'ang'ania mipira na tangi, na bomba hilo hilo lilikuwa likitumika kupigia mchicha dawa ya wadudu.

Utaratibu tuliouandika kwa ajili ya vuli ulikuwa mfupi. Samadi iliyooza vizuri na kuchekechwa itatandazwa kwanza, unene wa nusu kidole. Mbolea ya salfeti ya amonia, yenye asilimia 21 ya naitrojeni, itachukua nafasi ya yurea, kwa kuwa inauvuta udongo kidogo kidogo upande wa uchachu, jambo ambalo yurea hailifanyi kwa kiasi hicho. Itatiwa gramu 12 kwa mita ya mraba, nusu ya kiwango cha juu, yaani kilo nne na gramu 800 kwa kiwanja chote, ikichanganywa na mchanga mkavu ili iongezeke ujazo na kurushwa kwa usawa: nusu kwa kwenda mashariki na magharibi, nusu kwa kwenda kaskazini na kusini. Hii nayo hupotea hewani ikiachwa juu ya chokaa, kwa hivyo itamwagiliwa saa ile ile, mpaka kopo lililowekwa kiwanjani lipate maji ya kina cha kidole kimoja kilicholazwa. Siku mvua kubwa inaponukia haitatiwa kabisa. Chuma itapulizwa mara moja kwa mwezi. Ndago zitachimbuliwa kwa chepe pamoja na vijiazi, kila Alhamisi, kabla mche haujafikisha mwezi na kuzaa vijiazi vingine. Na zile zilizo baina ya mawe ya njia, ambako chepe haliingii, zitapakwa glaifoseti kwa sponji, jani kwa jani, kijana akiwa amevaa glavu. Dawa hiyo inaua kila cha kijani, ukoka pia, na haina ruhusa ya kupita kwenye bomba katika kiwanja hicho.

Nilirudi katikati ya Novemba. Michirizi ilikuwa bado inaonekana kwa mtu anayeijua, lakini ukoka ulikuwa umetambaa kutoka pande zote mbili na sehemu nyingi umekutana. Kijana alinionesha daftari: Alhamisi ya kwanza alichimbua ndago ndoo nne, Alhamisi iliyopita chini ya nusu ndoo. Majibu ya kisima yalikuwa chini ya mpaka, na mtoto amerudi kwenye maji ya nyumbani. Mipapai miwili ya jirani imetoa majani mapya yaliyonyooka. Wa tatu ulikauka kilele, akaukata, na kwenye nafasi yake ameweka mche uliotoka kwenye fungu lililolipiwa na mwenye nyumba.